Tahariri: Ni Nani Amhesabuye Mtoto wa Mathare?



Wale miongoni mwetu waliokuwa na umri wa kupiga kura mwaka 1988 hawajausahau uchaguzi wa mlolongo. Mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea wake mchana kweupe, kila mwenye macho akaiona foleni ndefu na foleni fupi, na bado katika sehemu nyingi mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Hapakuwa na njia ya kuirudia hesabu, kwa maana watu walikuwa wamekwisha kutawanyika na hapakuwa na karatasi iliyobaki kuwa shahidi. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizouchosha umma hata ukaelekea Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku mkutano ule. Tangu siku hizo tumeshikilia jambo moja: anayehesabu asiwe yule mwenye maslahi katika matokeo, na hesabu ifanywe na kutangazwa mbele ya wale wanaohesabiwa.

Ilituchukua miaka mingi kulitia jambo hilo katika sheria. Leo fomu ya matokeo hubandikwa penye mlango wa kituo cha kupigia kura, na mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilikata shauri kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala wakuu wa tume walioko makao makuu hawana idhini ya kuyageuza. Mwananchi wa Mlango Kubwa aweza kusimama penye mlango wa shule alikopigia kura na kusoma kwa macho yake yaliyoamuliwa humo.

Lakini mtoto wa huyo mwananchi yumo katika hesabu nyingine, na hesabu hiyo bado ni ya mlolongo. Twazungumza juu ya miradi na mipango inayoendeshwa kwa jina la haki za watoto: ya elimu, ya lishe, ya chanjo, ya kuwaokoa watoto wa mitaani, ya kuwalinda wasidhulumiwe. Serikali ina yake, mashirika yana yao, makanisa na misikiti ina yake. Twaulizana katika ukurasa huu ni nani anayefuatilia miradi hiyo, ni nani anayepima kama imefaa, na matokeo ya kupima huko husomwa wapi.

Ukishuka kutoka Barabara ya Juja kuelekea mtoni, kupitia Mabatini au Mashimoni au Kosovo, utaviona vibao vya miradi vimesimama penye kona za vichochoro. Kila kibao kina jina la mradi, jina la mfadhili na mkono au uso wa mtoto uliochorwa kwa rangi. Baadhi ya vibao vimedumu kuliko miradi yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, takriban watu 69,000 katika kila kilomita mraba, msongamano usio na kifani nchini Kenya. Mahali penye watu wengi namna hiyo mradi wowote waweza kujipatia watoto wa kupigwa picha kabla ya saa nne asubuhi. Mwisho wa mwaka huandikwa ripoti: watoto kadha wamefikiwa, sare kadha zimegawanywa, semina kadha zimefanyika. Ripoti hupanda ndege. Muulize mama yeyote auzaye sukuma wiki hapo Bondeni kama amewahi kuiona ripoti ya mradi uliomhesabu mwanawe.

Kuna watakaosema kwamba mwombaji hachagui, na kwamba anayetoa fedha ndiye mwenye haki ya kuletewa hesabu. Hapo ndipo tunapotofautiana nao kabisa. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto tarehe 30 Julai 1990, wiki tatu tu baada ya damu kumwagika Saba Saba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, matibabu, jina na uraia, na ulinzi dhidi ya ukatili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na ile iliyochukua mahali pake mwaka 2022, ziliyaeleza hayo kwa urefu. Jambo likiisha kuwa haki, mwenye haki ndiye mdai. Aliyekopeshwa dhamana ya kuitimiza, awe waziri au mkurugenzi wa shirika, ndiye mdaiwa, na mdaiwa hana ruhusa ya kumwonyesha kila mtu daftari isipokuwa mdai wake.

Mkataba wenyewe haukulisahau jambo hili. Kifungu cha 44 kinaitaka kila serikali ipeleke kwa Kamati ya Haki za Mtoto, huko Geneva, ripoti ya kwanza katika muda wa miaka miwili, kisha kila baada ya miaka mitano. Fungu la mwisho la kifungu hicho, ambalo wakubwa wetu ni kama hawalioni, linaitaka serikali iitangaze ripoti hiyo kwa upana miongoni mwa wananchi wake. Ripoti ya kwanza ya Kenya ilipaswa kuwa tayari mwaka 1992. Ilikuja kujadiliwa na Kamati mwaka 2001, wakati ambapo mtoto aliyezaliwa Mathare mwaka wa kuridhiwa Mkataba alikuwa ametimiza miaka 11. Kuhusu kuitangaza kwa upana, msomaji ajiulize kama amewahi kusikia hata ukurasa mmoja wake ukisomwa katika baraza la chifu.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe, kwa sababu neno tathmini hutumiwa kuwatisha watu ilhali kiini chake ni rahisi. Kufuatilia ni kutazama kila mwezi kama kilichoahidiwa kinafanyika: je, uji unapikwa, mwalimu anafika, dawa ipo? Kutathmini ni kuuliza baadaye kama maisha ya mtoto yamebadilika, na kama badiliko hilo limeletwa na mradi au lingekuja hata bila mradi. Mtu hawezi kulijibu swali hili la pili ikiwa hakupima hali ilivyokuwa mwanzoni. Miradi mingi huanza kwa sherehe na kukata utepe, kisha hukumbuka kupima wakati fedha zinapokaribia kwisha. Hapo tena hapana cha kulinganisha.

Hatari ya kuhesabu vitu badala ya maisha ilidhihirika huko Busia katika miaka ya 1990. Vitabu vya kiada vilipelekwa katika shule za msingi, na watafiti wakafuatilia. Lau wangehesabu vitabu tu, mradi ungeonekana kuwa umefaulu kabisa, maana vitabu vilifika. Walipowapima watoto, waligundua kwamba wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali ndio waliopata faida. Wengi wa wengine hawakuweza kuvisoma vitabu hivyo, ambavyo viliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu kilikuwa mezani, na haki ya elimu haikuwa imemfikia mtoto aliyeketi mbele yake.

Upande wa pili, tuna mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu, nao ulianzia karibu nasi. Mwaka 2004 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza kwa majaribio kuzipa fedha taslimu familia zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, katika wilaya tatu: Nairobi, Garissa na Kwale. Mpango ulipopanuliwa, ukatathminiwa kati ya mwaka 2007 na 2009 katika wilaya saba, familia zikipata wakati huo Sh1,500 kwa mwezi. Wapimaji walizitembelea familia kabla fedha hazijaanza kutolewa, wakazitembelea tena miaka miwili baadaye, na wakati huohuo wakazitembelea familia za hali ileile katika maeneo ambayo mpango ulikuwa bado haujafika. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo iliyokuwa jibu. Ilionekana kwamba watoto wenye umri wa shule ya upili walioandikishwa wameongezeka, na wenye vyeti vya kuzaliwa wameongezeka. Katika shule za msingi uandikishaji haukubadilika sana, kwa sababu tangu Januari 2003 elimu hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa bure na watoto wengi walikuwa wamekwisha kuingia. Twapenda hasa jibu hilo la mwisho. Tathmini isiyokuwa na neno hata moja la kwamba hapa hatukuleta badiliko ni tangazo la biashara.

Hata hivyo, mpango mzuri wa kupima hauna kinga dhidi ya mwizi. Msomaji anaukumbuka mpango mkubwa wa kuisaidia sekta ya elimu ulioanza mwaka 2005, uliochangiwa na hazina yetu pamoja na nchi za nje. Ulikuwa na wakaguzi, ulikuwa na mikutano ya kila mwaka ya kuutathmini, ulikuwa na majedwali ya malengo. Mwaka 2009 ikafichuka kwamba fedha zinaliwa. Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao, na ukaguzi uliotolewa mwaka 2011 ukataja hasara ya takriban Sh4.2 bilioni. Fedha hizo zilitengewa madarasa, vitabu na mafunzo. Maafisa walizozana na mabalozi magazetini, na mtoto ambaye chumba chake cha darasa hakikujengwa hakuitwa kutoa ushahidi, wala mzazi wake.

Majirani zetu wa Uganda walipitia njia kama hiyo mapema kuliko sisi. Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilizituma kwa shule za msingi kwa matumizi yasiyo ya mishahara, takriban shilingi 13 tu ndizo zilizozifikia shule. Zilizobaki zilipotelea wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini, zikiwemo zile za lugha za kienyeji, kiasi kilichotumwa kila mwezi kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Wataalamu wamebishana kama ni magazeti pekee yaliyoleta badiliko hilo, kwa kuwa marekebisho mengine yalifanywa wakati huohuo, na ubishi wao una maana. Lakini hapana aliyewahi kudai kwamba mwizi hupenda kuona karatasi ukutani.

Tuirejee Mathare, na tuulize ni nani asiyehesabiwa kamwe. Shule za umma humu ni chache mno kwa watoto waliomo, hivyo sehemu kubwa ya watoto husoma katika shule za mabati zinazoendeshwa na jamii, makanisa na watu binafsi, ambazo Wizara huziita taasisi za elimu mbadala. Elimu ya bure ilipotangazwa mwaka 2003, fungu la Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka lilimfuata mtoto wa shule ya umma. Takwimu za uandikishaji zikapanda, taifa likashangilia, nasi tulishangilia pamoja nalo. Mtoto wa shule ya mabati aliendelea kulipa karo. Kisha mwaka 2017 ukaja mfumo wa kompyuta wa kuwasajili wanafunzi nchini, uliodai namba ya cheti cha kuzaliwa, na fedha za serikali zikaanza kuufuata mfumo huo. Cheti cha kuzaliwa! Katika bonde ambamo akina mama wengi wamejifungulia nyumbani, ambamo moto na mafuriko huchukua makaratasi pamoja na magodoro, chombo kilichoundwa ili kumwona kila mtoto kilimkosa yule aliye na haja zaidi ya kuonekana.

Mafuriko ya mwezi Aprili 2024 yalitukumbusha hayo kwa uchungu. Mto ulifurika usiku, watu wakafa, na mwezi wa Mei matingatinga ya serikali yakaja kubomoa nyumba zilizobaki kandokando ya mto. Rais alifika Mathare tarehe 6 Mei, akaahidi Sh10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Shule zilikuwa zimefungwa nchi nzima, na zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Ahadi ile ilikuwa kwa familia. Katika hesabu ya namna hiyo mtoto aliyepoteza sare, vitabu na njia ya kwenda shule huwa ni sehemu ya paa lililobomolewa. Tunaitaka ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ieleze hadharani: katika siku ile ya kufungua shule, ni watoto wangapi wa kandokando ya mto walioingia darasani, wangapi hawakuingia, na waliokosekana walitafutwa na nani? Hilo ndilo swali la tathmini. Maswali mengine yote juu ya msaada ule ni ya mhasibu.

Wapo wanaodhani kwamba mwananchi wa kawaida hana ujuzi wa kupima. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa Uwezo uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakiwa na karatasi ya hadithi fupi na hesabu nyepesi za kiwango cha darasa la pili, kumpima mtoto mbele ya mzazi wake. Ripoti zao za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba takriban watoto 3 tu katika kila 10 wa darasa la tatu ndio walioiweza kazi ya darasa la pili. Wizara ilikuwa ikitangaza idadi ya walioingia shuleni. Watu wa kujitolea wakatangaza idadi ya waliojifunza. Mzazi alilipata jibu palepale, kwenye kigoda chake.

Nao watoto wa Mathare walilielewa jambo hili zamani. Chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa humu mwaka 1987, kiliweka utaratibu kwamba timu ya kandanda itapata pointi za ligi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mtaa. Aliyetilia shaka pointi za usafi za timu fulani hakuhitaji mshauri kutoka ng'ambo. Alikwenda kuutazama mtaro. Watoto wa miaka 12 walibishana juu ya msimamo wa ligi kwa ukali ambao tungependa kuuona katika kamati za bunge.

Twasikia pingamizi mbili zenye uzito. Kwanza, kupima hugharimu, na shilingi inayolipwa karani wa kuhoji ni shilingi iliyotoka katika sufuria ya uji. Ni kweli, na twajua miradi ambamo washauri hula zaidi ya watoto. Dawa yake ni kupima machache yenye maana na kuwatumia wenyeji. Pili, mambo ya watoto yana siri. Hilo twalikubali bila kusita. Jina la mtoto aliyenajisiwa, au la yule anayeishi na virusi vya UKIMWI, halina mahali katika ukuta wowote, na ni haramu kumgeuza kielelezo cha ripoti. Kinachopasa kubandikwa ni fedha zilizoingia, kazi iliyoahidiwa na matokeo ya jumla. Lakini siri ya mtoto isigeuzwe shuka la kujifunikia mweka hazina.

Tena yapasa tujikosoe. Sisi wa kambi ya mageuzi tulihesabu kura, viti na wafungwa wa kisiasa. Mtoto tulimtaja kwenye jukwaa wakati wa kutafuta makofi. Serikali ilipobadilika baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, wengi wetu tulidhani kwamba elimu ya bure imelimaliza suala hilo, na baadhi ya waliokuwa wakidai uwazi mitaani wakapewa ofisi zenye makabati ya kufungia ripoti. Twaandika haya tukijua kwamba tumechelewa.

Tunachokidai sasa hakihitaji sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vimempa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na hata iliyo mikononi mwa mtu binafsi ikiwa yahitajika ili kulinda haki. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu katika siku 21, na isipojibu, mwombaji hupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki bila ya kuhitaji wakili. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi kila mradi wa watoto ulio na kibao Mathare, wa serikali na usio wa serikali, uandike chini ya kibao hicho, kwa Kiswahili, kiasi cha fedha za mwaka na lengo moja linaloweza kupimwa. Tathmini ikiisha kufanywa, isomwe kijijini kabla haijapelekwa kwa mfadhili, wazazi wakiwepo, na watoto wenye umri wa kujieleza wakiulizwa kwanza, kama kifungu cha 12 cha Mkataba kinavyoagiza. Wakisema kwamba yaliyoandikwa si kweli, neno lao liandikwe ndani ya ripoti hiyohiyo.

Kuanzia toleo lijalo, ukurasa wa mwisho wa gazeti hili utakuwa na orodha ya miradi ya watoto tuliyoiona kwa macho yetu kutoka Mlango Kubwa hadi Kiamaiko, pamoja na tarehe tuliyopeleka maombi yetu ya habari. Majibu yatakayotufikia tutayachapa yalivyo, na nakala tutaibandika karibu na mradi unaohusika. Penye kukosekana jibu baada ya siku 21, nafasi itaachwa nyeupe, na jina la ofisi litakuwa juu yake.